Shibiri Tatu za Ukili

Jumatano ile, saa nne ya asubuhi, Nadhira alikuwa na wino hadi kwenye viwiko, anachapa picha ya sita kati ya zile kumi na mbili za hoteli, mtu asiyemjua alipopiga hodi mara moja na kuingia bila kungoja jibu. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mrefu, mwenye mikono mipana iliyopasuka na weusi uliojikita kwenye mistari ya viganja. Kwa kitambo kidogo Nadhira alidhani ni mchapaji mwenziwe. Kifuani amekumbatia kitu kilichoviringishwa kwenye gazeti, namna mtu anavyombeba mtoto mwenye homa.

"Wewe ndiye unayetoa picha kwenye vitu vya watu?" aliuliza. Kisha adabu ikamrudia, akarudi nyuma hatua mbili mpaka kizingitini. "Samahani. Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Shikamoo mzee. Karibu ndani."

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Majaliwa. Natoka Chalinze, naziba pancha za malori."

Nadhira alimvutia kiti. Chumba kile cha mbele, katika nyumba kongwe ya ukoo wa mumewe, ndicho kilichokuwa karakana yake siku za kazi na darasa la mtaa siku ya Jumamosi. Kamba zilikatiza juu kama za kuanikia nguo, picha zimebanwa kwa vibanio. Katikati ilikaa mashine ya kuchapia, ambayo haikununuliwa dukani: fundi wa kuchomelea aliiunga kwa mabomba mawili mazito, na kwa mkono wa kuyazungushia akaweka usukani wa lori.

Mzee aliutazama usukani, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Huu naujua. Lori lake lilikufa zamani."

"Basi hapa unafanya kazi bado."

"Wiki iliyopita nilizibia pancha gari la harusi," mzee alieleza. "Alikuwamo mama mmoja wa hapa, Mwanamvua, mkaanga samaki. Ana karatasi kaiviringisha. Nikamwuliza, ramani hiyo? Akanicheka mbele za watu. Akasema ni magamba ya changu, kayagandisha mwenyewe kwenye ubao, kapaka wino, kachapa mwenyewe. Nikamwambia mimi hata duara sijui kuchora. Akasema, kule hawachori."

Nadhira alicheka. Ndivyo alivyowaambia watu kila Jumamosi, tangu alipofungua mlango ule miaka minne iliyopita: hatuchori, lete ulichonacho. Wakaleta nyavu mbovu, majani ya mbaazi, lesi za gauni, vifuu, mifuko ya sandarusi. Wengine waliingia wakijikunyata, wakisema sanaa ni ya watu waliosoma, wakatoka wakigombania vibanio.

Mzee Majaliwa alilifungua gazeti. Ndani mlikuwa na ukili, ule mkanda wa ukindu wanaousuka wanawake kwanza, kabla ya kuushona duara kwa duara uwe mkeka. Ulikuwa wa zambarau na kijani, haujafika hata pima mbili. Mwisho wake miyaa, vile vipande vya ukindu vya kusukia, ilikuwa bado imeachwa wazi, inaning'inia kama vidole.

"Mke wangu. Hapa ndipo alipoachia," alisema. "Jumapili ilikuwa arobaini yake. Tumemaliza hitma, watu hawajanawa mikono, wanangu wakaanza. Mkubwa, Miza, anasema ukili wa mama ni wake, ndiye aliyemwuguza. Mdogo, Wahida, anasema mama alimsukia yeye. Maneno yakapanda. Mdogo akaingia ndani, akatoka na mkasi. Mkasi, mwanangu. Mbele ya waliokuja kusoma. Nikaunyakua ukili, toka siku hiyo nalala nao chini ya mto. Unaweza kuufanya uwe mitatu? Mmoja wa Miza, mmoja wa Wahida. Mmoja wangu."

"Naweza. Lakini sikiliza kwanza, mzee." Nadhira alivuta stuli, akakaa usawa wa macho yake. "Nikiugandisha kwenye ubao, nikaupaka vanishi, kisha wino, hautakuwa ukili tena. Hautashonwa. Hata harufu ya ukindu itapotea. Picha zitakuwepo, ila wenyewe utakuwa kama jiwe."

Mzee alivuta pumzi ndefu juu ya ukili, bila kuona haya. "Hivi sasa unapukutika," alisema hatimaye. "Nikiuacha, mwakani nitakuwa na vumbi. Fanya."

"Nitakutayarishia. Kuchapa utachapa mwenyewe. Hapa mtu hachapiwi na mwenziwe."

"Mimi?"

"Wewe."

Akamwonyesha karatasi. Wanafunzi wake wengi walichapia karatasi za mifuko ya saruji, zilizopatikana bure, lakini kwenye kitu kinene kama ukili zile zingechanika. Zilizofaa ni za pamba, nzito, zinazolowekwa kwanza kwenye beseni la maji. Zilikuwa zimeletwa kumi na tano tu, kwa ajili ya hoteli, na nyingine zisingefika kabla ya wiki tatu. Kumi na mbili za hoteli. Zilizobaki akazitenga mbele ya macho ya mzee.

"Utaondoka hapa na picha tatu," alimwambia. "Za pamba. Zitakaa mpaka wajukuu wako wazeeke."

"Naomba jambo moja tu. Pale alipoachia, pabaki vivyo hivyo. Mkono wa mtu usipaguse."

"Hapaguswi, mzee. Nakuahidi."

Mzee Majaliwa aliondoka kuwahi basi la Msata. Nadhira akaulaza ukili kwenye meza, akaubana kwa mawe mawili ya bapa ili unyooke, miyaa ikabaki nje ya mawe, kisha akarudi kwenye picha ya sita.

*

Nyumba ile ilikuwa na watu watatu na ndoo moja. Watu ni Nadhira, mumewe Masoud, na Bimdogo, mama yake Masoud, aliyekuwa amekwenda msibani Kaole tangu Jumanne. Ndoo ilikaa chumbani kwa Bimdogo, kwenye kona ya kitanda. Paa la upande ule lilikuwa limeoza, na kila masika bibi huyo wa miaka sabini na minne alilala amejikunja upande mmoja, akisikiliza matone.

Ndiyo maana picha za hoteli hazikuwa picha tu. Vyumba kumi na viwili, picha kumi na mbili, na malipo yangetolewa siku ya kukabidhi: Jumamosi, saa kumi ya jioni. Masoud, mtunza stoo kwenye chuo cha uvuvi Mbegani, alikwisha kuongea na Seleman, fundi wa mapaa, aje Jumatatu. Alikwisha kuwaambia na wenziwe kazini. Wale wenzie kwa miaka minne walikuwa wakimwita Bwana Madoa, kwa sababu shati lake halikukosa alama ya wino, na kila walipomwita hivyo alicheka nao na njiani akarudi kimya.

"Safari hii wameniuliza vizuri," alimwambia mkewe usiku wa Alhamisi, wakila. "Wameniuliza, kumbe vile vitu vinanunuliwa?"

"Ukawajibu nini?"

"Nikawajibu, mnadhani mke wangu anacheza?"

Nadhira alimtazama mumewe kwa upendo, akasahau kumweleza habari za mzee wa Chalinze. Bimdogo naye, aliyerudi mchana ule, hakuambiwa. Hakuna aliyeficha kitu. Kazi ilikuwa nyingi, ndivyo tu.

*

Ijumaa, baada ya sala, Nadhira alikwenda mezani kutazama kama ukili umenyooka. Mawe yalikuwa yamesogezwa. Ukili ulikuwa umezungushwa vizuri, mviringo juu ya mviringo, na ulikuwa mrefu zaidi. Aliufungua. Miyaa iliyokuwa ikining'inia haikuwapo tena. Ilikuwa imesukwa, imebanwa, imeunganishwa na miyaa mingine mipya, shibiri mbili kamili za kazi safi.

"Mama!" aliita. "Mama, nani kagusa hapa?"

Bimdogo alitoka uani akifuta mikono kwa kanga. "Mimi, nani mwingine? Jana nimerudi, nimekaa bure. Nikaona umeniwekea kazi."

Na kweli, ndivyo ilivyokuwa desturi ya nyumba ile. Kila ukili uliolala kwenye meza ile ulikuwa wa Bimdogo. Nadhira alimwekea miyaa, yeye akasuka, na vipande vyake vikaingia kwenye picha. Hata kwenye picha za hoteli, mawimbi yote ya bahari yalikuwa ukili wa Bimdogo. Mwanamke wa pwani akiukuta ukili wazi, miyaa imetawanyika, hawezi kupita kama hajaona. Mikono yake ilikwenda yenyewe.

Nadhira alikaa sakafuni. Akamweleza, polepole, yote: pancha, hitma, mkasi, neno moja aliloombwa. Kadiri alivyoeleza ndivyo Bimdogo alivyozidi kuwa mdogo, mpaka na yeye akakaa.

"Wa marehemu," alisema. "Nimeweka mkono wangu kwenye kazi ya marehemu. Yarabi."

"Kosa langu, mama. Sikukwambia."

Masoud aliporudi, akasikiliza, akaona njia fupi. "Fumueni. Nani atajua? Mzee wa watu anaziba matairi."

"Atajua," alisema Nadhira. "Miyaa imelowekwa, imekunjwa. Hainyooki tena."

"Mwambie imejikunja kwa kukauka."

"Masoud."

"Nasema tu." Alivua kofia, akaipangusa, akaivaa tena. "Kesho ni siku ya hoteli. Nilitaka kesho ipite salama, basi."

*

Mzee Majaliwa alifika Jumamosi saa mbili na nusu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, la kwendea msikitini. Mlango ulikuwa wazi na watu wa darasa wamekwisha kujaa: wanawake saba au wanane, mjenzi mmoja na karatasi zake za saruji, na Mwanamvua mkaanga samaki aliyepiga kelele, "Huyo! Mwenye ramani yake!" Mzee akacheka. Nadhira alimchukua kando kabla kicheko hakijaisha, akamwambia ukweli. Hakuupunguza.

Mzee hakupaza sauti. Ingekuwa heri angepaza.

"Nilikuomba jambo moja," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Kule walitaka kuukata. Nikaukimbiza. Huku mmeuongeza." Alinyoosha mkono. "Nipe kilicho changu."

Darasani kila mtu alikuwa akijifanya anashughulika na gundi yake. Nadhira aliuhisi uso wake ukichoma. Kwa miaka minne alikuwa akiwaambia watu hawa walete vitu vyao bila hofu. Alikwenda mezani, akauchukua ukili, na alipogeuka akamkuta Bimdogo amekwisha kutoka uani na kusimama kati yao, kanga kaifunga kichwani kama anayekwenda msibani.

"Usimgombeze huyu," Bimdogo alisema. "Mkono ni wangu."

Mzee Majaliwa alifungua kinywa kwa hasira, akamtazama bibi mwenye mvi, na kinywa kikatoa kile ambacho kimezoea kutoa. "Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, baba. Nisamehe. Nilidhani ni wangu, nikauendeleza. Niache nifumue cha kwangu, chake sikigusi, kisha uende nao salama."

Akaketi mkekani, miguu kainyoosha, ukili kauweka mapajani. Mzee alibaki amesimama. Bimdogo alianza kufumua, mwaa kwa mwaa, haraka, bila kutazama. Alipokaribia mpaka akapunguza mwendo.

"Mkeo alikuwa wa mashoto," alisema.

Mzee alishtuka. "Nani kakwambia?"

"Huu. Tazama kazi yangu inalalia huku. Yake inalalia kule. Nilipoushika Alhamisi nilisema, Nadhira leo kanunua kwa mtu wa mashoto." Alifumua mwaa mwingine. "Na alikuwa fundi. Amebana kweli. Hapa mwanzo huwezi kupitisha hata ncha ya sindano."

Taratibu, bila kujua, mzee alichuchumaa.

"Kisha hapa," Bimdogo aliweka kidole, "kaacha. Miyaa ilikauka, akaitia maji siku nyingine. Unaona rangi ilivyofifia? Karudi, kasuka kidogo, kaacha tena. Na kuanzia hapa mkono umelegea. Si kwamba hajui. Vidole havina nguvu. Hapa karuka mwaa mmoja, kaona, karudi kuurekebisha. Hakutaka kuacha kosa." Alipima kwa kiganja, kutoka pale hadi mwisho. "Shibiri tatu. Alikuwa hawezi, mkeo."



"Kabla hajaangukia kitandani, kila nikimwuliza aliniambia ni uchovu tu," mzee alisema. "Nikiingia ndani anauweka chini, ananitengea chakula. Mimi nikaamini." Alikigusa kile kipande kilicholegea kwa kidole chake kimoja kikubwa, kwanza juu, kisha pembeni. "Shibiri tatu nzima. Na mimi nipo nje, hatua kumi, najaza upepo matairi ya watu."

Mwanamvua alijipangusa uso kwa mkono wenye wino, akajichora shavu, wala hakuna aliyemcheka.

Bimdogo alifumua mwaa wa mwisho wa kwake. Miyaa ya marehemu ikawa wazi tena, ila haikuning'inia kama mwanzo. Ilikuwa na mikunjo mikunjo, kama karatasi iliyokunjwa na kufunguliwa.

"Hii mikunjo itatoka kwenye picha?" mzee aliuliza.

"Itatoka," alisema Nadhira. "Wino hauachi kitu."

Mzee alifikiri. "Basi itoke. Alipoachia panaonekana, na aliyekuja kupaona anaonekana. Ndivyo ilivyokuwa." Akamgeukia Bimdogo. "Bi mkubwa, nimekusikia."

*

Wakaugandisha ubaoni, wakiupinda mistari mistari utoshee karatasi, gundi ikakauka juani, na kufikia saa saba vanishi nayo ilikuwa imekauka. Nadhira hakuwa amegusa kazi ya hoteli tangu asubuhi. Picha tisa zilikuwa kambani tayari. Kwenye beseni zilikuwa zimelowekwa karatasi sita, tatu za hoteli na tatu za mzee. Muda ulikuwepo. Mzee amalize, kisha yeye achape zake tatu, saa kumi ifike.

Mzee Majaliwa alipaka wino vizuri, kwa rola, kama mtu aliyezaliwa nayo. Alipofika kwenye usukani ndipo mazoea ya miaka arobaini yalipomshinda. Aliushika kwa mikono miwili, akauvuta kwa mwili mzima. Mabomba yalilia. Karatasi ilitoka imechanika katikati.

"Mzee, hiyo si nati ya tairi!" Mwanamvua alipiga kelele, na darasa zima likacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mzee naye alicheka, jasho likimtoka.

"Vuta kama unazungusha kitu kilicholala," Nadhira alimwambia, Masoud akisikiliza kutoka mlango wa uani. "Usikiamshe."

Ya pili ilitoka salama. Alipoifunua, ukili ulikuwa pale, kila mwaa kwa mstari wake, umeinuka kwenye karatasi hata ukauhisi kwa kidole. Umebana mwanzo, umelegea mwisho, kisha ile miyaa iliyokunjika. Mzee aliishika pembeni kwa ncha za vidole, akaisogeza kwenye mwanga. "Ya Miza," alisema. Ya tatu ilitoka nzuri zaidi. "Ya Wahida." Nadhira akazibana kambani, zikaning'inia pamoja.

Karatasi za mzee zilikuwa zimekwisha.

Wakati huohuo honi ikalia nje. Haikuwa saa kumi, ilikuwa tisa. Muataz, kijana aliyetumwa na hoteli, aliingia na funguo za gari mkononi, Masoud akiwa nyuma yake, ametoka kumpokea barabarani. Masoud alikuwa amebadilisha shati.

"Samahani dada, nimewahi," Muataz alisema kwa upole. "Wageni wanafika kesho asubuhi, na mafundi wanangoja kuning'iniza. Zote tayari?"

"Tisa tayari. Zimebaki tatu."

Muataz alichungulia kwenye beseni. "Karatasi si hizo hapo? Nakusubiri. Saa moja yatosha?"

Mzee Majaliwa aliwaangalia, mmoja mmoja, akaanza kukunjua mikono ya shati lake na kuishusha. Si mtu wa kuelezwa kitu mara mbili.

"Fanya kazi yako, mwanangu," alisema. "Mimi nimemaliza. Uliniambia tatu, umenipa karatasi tatu. Moja nimeichana mwenyewe. Watoto wana zao, hawatakatana tena. Mimi picha ya nini? Mimi nilikuwa naye mwenyewe."

Alisema kwa sauti ya mtu anayekataa kuongezewa wali. Lakini macho yake yalikwenda mara moja ubaoni, kwenye zile shibiri tatu, yakarudi.

Nadhira alimtazama Muataz. "Ukisubiri nitakupa kumi na moja. Ya kumi na mbili baada ya wiki tatu."

"Dada, vyumba ni kumi na viwili. Chumba kimoja nikining'inize kalenda?" Alijikuna kisogo, haikuwa furaha yake. "Mkubwa wangu kaniambia zote au nisichukue. Kuna duka Dar linaleta leo hii, nikipiga simu."

"Nadhira," Masoud alisema chini chini. Alimsogelea mkewe, akanong'ona, na katika ukumbi ule mnong'ono ulisikika kote. "Mzee mwenyewe kasema imetosha. Karatasi tatu umempa. Seleman anakuja Jumatatu. Na masika hayo."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililouma. Nadhira aliangalia picha tisa za hoteli, kazi ya mwezi mzima. Kisha akaangalia mlango wa chumba cha Bimdogo, uliokuwa wazi, na ndoo ikionekana.

"Sikumwahidi karatasi," alisema. "Nilimwambia ataondoka na picha tatu. Ahadi ya kwanza nimekwisha kuivunja, Masoud. Nikivunja na hii, hawa wote nitawaambia walete vitu vyao kwa uso gani?"

Aliyejibu ni Bimdogo, kutoka mkekani, bila kuinua kichwa kutoka kwenye miyaa yake mipya aliyokuwa akiikusanya.

"Mpe," alisema. "Mimi na ndoo yangu tumeshazoeana. Ikinyamaza hata usingizi sipati."

Mtu mmoja alicheka, akaacha. Masoud alimtazama mama yake. Kisha akamgeukia Muataz, akamshika bega, akaongea naye kwa sauti ya kawaida, sauti ya mwenye nyumba. "Ndugu yangu, usipoteze muda wako. Leo hazitatimia. Mwambie mkubwa wako kosa si lako." Akamsindikiza hadi nje.

Nadhira alitumbukiza mikono kwenye beseni, akaitoa karatasi, akaiacha ichuruzike, akaikausha kati ya taulo. Wino mzee aliupaka mwenyewe, mara hii polepole, hasa pale mwisho. Nje gari liliwashwa, likaondoka. Waliokuwa ndani walilisikia mpaka kona, hakuna aliyegeuza shingo. Masoud alirudi, akasimama upande wa pili wa mashine, akashika ncha za lile blanketi la kufunikia na kulilaza juu ya karatasi bila kukunjamana, jambo ambalo kwa miaka minne hakuwahi kulifanya. Wino ulimruka kwenye kifua cha shati jipya.

"Haya, mzee," alisema. "Kama kimelala."

Mzee Majaliwa aliuzungusha usukani kwa vidole tu. Karatasi ilipopita, alingoja kidogo, akaifunua kutoka pembeni.

Bimdogo aliomba aletewe. Macho yake hayakuwa na nguvu tena; alifumba, akapitisha kidole juu ya pamba mbichi, mwanzo, kati, mpaka kwenye mikunjo. "Yupo wote," alisema.

Desturi ya darasa ni kwamba aliyechapa huandika jina lake kwa penseli chini ya picha. Nadhira alimpa mzee penseli. Aliishika kama msumari, akainama juu ya meza. Siku zote mbili hakuwahi kumtaja mkewe ila kwa kusema mke wangu, na hata nyumbani, miaka yote ile, alimwita mama Miza. Aliandika pole pole, akisoma kila herufi kwa midomo, jina lake yeye upande wa kulia, na upande wa kushoto, Mwanaheri.

Nadhira akaichukua picha ya tatu, akaibana kambani pamoja na zile mbili zikauke, akaenda kumtafutia mzee gazeti jipya la kuzifungia.